Mafuta Yasiyonuka Samaki

Ayubu Mbwana ana miaka arobaini na moja na hana kiti nyumbani kwake. Mkewe Zuleha ana kiti cheupe cha plastiki, binti yao Saumu ana mkeka, na yeye ana mlango. Husimama hapo na kikombe cha chai, bega kwenye fremu, macho nje, kama mtu aliyeambiwa ataitwa wakati wowote. Chai haimalizi. Zuleha aliacha kumwambia akae mwaka wa kwanza wa ndoa. "Ukimwambia kaa, anauliza kuna nini," anasema.

Kazi yake ni kukalafati. Vyombo vya mbao vya Moa, kijijini kwao, na vijiji vya jirani, hata vinavyotoka ng'ambo ya mpaka, vikianza kuvuja huletwa kwake ufukweni. Huisokota pamba, huishindilia kwenye mianya ya mbao kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha huupaka ubavu wa chombo mafuta ya papa. Mafuta hayo, ambayo mafundi huyaita sifa, huyatengeneza mwenyewe. Wavuvi humletea maini. Huyakatakata, huyaacha juani ndani ya debe, huyachemsha kwa moto mdogo, huyachuja. Mafundi wengine hawajisumbui, kwa kuwa mafuta ya chombo hayaliwi. Yakinuka yanuke, yakiwa na uchafu yapakwe hivyo hivyo. Ya Ayubu huchujwa mara mbili kwa kitambaa chepesi cha melimeli na hutoka na rangi ya chai ya rangi. Mjomba wake aliyemfundisha kazi alimzoesha kuonja tone moja kwa ncha ya ulimi na kulitema, ili ajue kama maini yalikuwa mabichi au yalikwisha kuoza. Kwa miaka ishirini na tisa Ayubu hajakosea katika hilo hata mara moja, na si mtu wa kulificha.

Saumu ndiye mtoto wao pekee. Alipofika miaka mitatu na nusu alikuwa na maneno kumi na moja. Zuleha aliyajua yote kwa mpangilio yalivyokuja: mama, maji, nyau, sitaki, na mengine ambayo aliyaelewa yeye peke yake. Watoto wa umri huo pale mtaani walikuwa wakisutana na kusingiziana. Saumu alivuta kanga ya mama yake na kuonyesha kwa kidole. Masikio yalipimwa mjini Tanga yakaonekana mazima. Zuleha alitaka jambo moja, na alilisema kwa kila aliyemuuliza: mtoto aingie darasa la awali akiwa na uwezo wa kusema anaumwa, ana njaa, au amepigwa.

Walielekezwa kwa Leticia, mtaalamu wa matamshi ya watoto, anayewaona wazazi mara moja kwa mwezi katika nyumba ya zamani yenye baraza pana huko Raskazone, mjini Tanga. Ni mwanamke wa Lushoto, mfupi, mwenye sauti ya chini, na wazazi wanamwita mwalimu. Siku ya kwanza alimwangalia Saumu akicheza na vifuniko vya chupa kwa karibu saa nzima. Kisha akamgeukia Ayubu, aliyekuwa amesimama dirishani.

"Baba Saumu, nyumbani unacheza naye?"

"Mimi nakuwa kazini, mwalimu."

"Ukirudi?"

"Nikirudi nimechoka."

"Hajachoka huyo," Zuleha akasema. "Hajui kukaa tu."

Leticia akawafundisha zoezi. Chukua vitu viwili, ndizi na chungwa. Muulize mtoto anataka kipi. Halafu nyamaza. Usimsaidie, usirudie swali, usimpe mpaka ajaribu sauti yoyote. Hesabu moyoni mpaka kumi. Akasema mtoto wa aina ya Saumu anahitaji muda mrefu kulitafuta neno, na watu wazima wanamnyang'anya muda huo bila kujua.

Ayubu akajaribu pale pale. Akachuchumaa, akashika ndizi na chungwa, akauliza. Saumu akamtazama. "Ndizi, eeh? Unataka ndizi? Haya shika ndizi."

"Umefika ngapi?" Leticia akauliza.

"Kumi."

"Tatu," Zuleha akasema. "Nilikuwa nakuhesabia."

Walicheka wote watatu, Ayubu zaidi yao. Lakini ukweli ni kwamba hakuwahi kufika tano. Nyumbani alijaribu mara mbili tatu, akaona jasho linamtoka kwa kungoja, akamwachia Zuleha.

Mafuta ya samaki yaliingia katika habari hii mara ya pili walipokwenda kwa Leticia, kwenye benchi la barazani. Mama mmoja wa Usagara aitwaye Benedikta, mwenye mtoto wa kiume wa miaka mitano, alitoa kwenye mkoba chupa ya plastiki yenye picha ya samaki.

"Mwenzangu, umeshampa haya? Wangu wiki ya pili tu nikasikia 'mama, njoo'. Njoo! Nilikaa chini."

Zuleha aliingia nayo moja kwa moja kwa Leticia. Leticia akaisoma lebo yote, mbele na nyuma, akaiweka mezani.

"Sikukatazi. Kwa kipimo kilichoandikwa hapa hayatamdhuru. Lakini nisikudanganye, mama Saumu. Wamejaribu kuyachunguza kwa watoto wenye shida ya kusema, na mpaka sasa hakuna aliyeonyesha wazi kwamba yanaleta maneno. Wapo wazazi wanaoapa. Wale wanaoapa mara nyingi ndio hao hao wanaokaa na watoto kila siku. Ukinunua, nunua. Zoezi usiliache."

Zuleha alinunua na zoezi hakuliacha. Kila asubuhi kijiko kimoja cha chai, kisha mkeka, kisha vitu viwili na kunyamaza. Ayubu aliifungua chupa siku hiyo hiyo waliyorudi Moa, akainusa, akamimina tone kiganjani, akaonja.

"Hii juisi."

"Mafuta ya samaki hayo. Huoni picha?"

"Picha naiona. Samaki simwoni. Mafuta ya samaki yananukaje machungwa? Samaki gani kala machungwa?"

"Wameyatia ladha ili mtoto ayanywe, baba Saumu."

"Wameyaua. Mafuta ukiyatoa harufu umeyaua." Akafunga chupa na kwenda kusimama mlangoni.

Mwezi ulipoisha Saumu alikuwa na maneno kumi na saba. Hapo ndipo mume na mke walipoachana njia bila kugombana. Zuleha aliyahesabu maneno sita mapya na kukumbuka kila moja lilizaliwa asubuhi gani, juu ya mkeka, baada ya ukimya wa urefu gani. Ayubu aliyahesabu yale yale sita akafikiri: kama juisi imeleta sita, mafuta yenyewe yangeleta mangapi?

Wazo hilo lilimzunguka kazini. Aliligonga pamoja na pamba. Alikuwa ameishi na mafuta ya samaki tangu ana miaka kumi na miwili, yamemwingia kwenye kucha na kwenye shuka za kitanda chake, na sasa binti yake alikuwa akipewa kijiko cha kitu dhaifu kilichotoka mbali wakati baba mtu ana pipa zima kwenye kibanda chake cha kazi. Hakuona kama anachukua hatua ya hatari. Aliona anazuia uzembe.

Chupa ilipokaribia kwisha Zuleha alimtuma mjini. Kwenye duka la dawa aliuliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza pale.

"Haya ni ya samaki gani?"

Kijana wa dukani akaigeuza chupa. "Samaki tu, mzee."

"Sehemu gani ya samaki?"

"Imeandikwa samaki, mzee wangu. Nikufungie?"

Alinunua. Hili linafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu baadaye watu walisema alifanya ubahili. Alinunua chupa mpya, akaileta Moa, akaingia nayo kibandani, akaimimina yote mchangani. Kisha akaichemshia maji, akaikausha, na kuijaza mafuta yake. Hakuchukua ya pipani. Alingoja siku tatu mpaka alipoletewa papa mbichi, akatoa ini, akalichemsha peke yake kwenye sufuria mpya, akachuja mara nne. Akatumbukiza maganda ya chungwa kwa siku mbili ili yafanane. Yalikuwa mafuta safi kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Akampa Zuleha chupa na neno moja la ziada.

"Dukani wamesema kwa umri wake apewe vijiko viwili."

Zuleha hakusikia tofauti ya harufu. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya papa tangu alipoolewa, na pua yake ilikwisha kuacha kuyatambua. Saumu aliitambua. Asubuhi ya kwanza alikitema kijiko na kutumia neno lake la nne: "Sitaki." Zuleha akamshika kidevu kwa upole, akamnywesha. Aliona ni ukaidi wa umri.

Mtu wa pekee aliyeambiwa ukweli ni Mwinyijuma, mwenye mashua, ambaye alikuta sufuria mpya kibandani na kuuliza ya nini. Ayubu hakuweza kujizuia kujisifu.

Mwinyijuma alicheka mpaka akashika ukuta. "Unamkalafati mwanao! Ukimaliza mpake na ubavuni, asivuje."

"Cheka. Maneno sita kwa juisi. Ngoja uone kwa mafuta."

"Na akielea je?"

Lakini kesho yake Mwinyijuma alirudi bila kicheko. Nyumbani kwake alikuwa analelewa mjukuu, Rama, wa miaka mitatu, ambaye hakuwa na neno hata moja. "Fundi, ile chupa... Mke wangu kanituma. Kama yamebaki." Yalikuwa yamebaki. Ayubu akampa chupa ya soda iliyojaa hadi shingoni na hakutaka kitu. Wiki nzima alitembea kijijini na hatua ndefu zaidi.

Wiki ya tatu midomo ya Saumu ilianza kupasuka. Zuleha akaipaka mafuta ya nazi na kulaumu jua. Wiki ya nne akaanza kutapika asubuhi, akalia akitolewa nje penye mwanga, akataka kulala mchana kutwa. Ngozi ya viganja ikaanza kubanduka. Nywele zilibaki kwenye mto. Wiki ya tano alijishika kichwa kwa mikono miwili na kusema neno jipya, wazi kuliko yote aliyowahi kusema: "Kichwa." Zuleha alilihesabu. Alisimulia baadaye kwamba sekunde moja alifurahi, na kwamba sekunde hiyo bado inamuudhi.

Ayubu aliyaona hayo yote kutoka mlangoni. Je, alishuku? Aliulizwa hilo na watu wengi na jibu lake halibadiliki: alishuku kuanzia midomo, na kila siku alijipa siku moja zaidi. Ini lilikuwa bichi. Mafuta alikuwa ameyaonja. Kitu kisafi namna ile kingemdhuruje mtoto? Alianza kuamka kabla ya alfajiri na kurudi giza limeingia, akikagua vyombo ambavyo havikuwa na tatizo. Mara mbili aliingia kibandani akiwa amekusudia kumwambia Zuleha aache, na mara zote mbili alitoka na patasi.

Siku ya arobaini na mbili Saumu alishindwa kusimama. Wakamfunga mgongoni kwa kanga, wakachukua bodaboda mpaka barabara ya lami, na kufika hospitali mjini Tanga saa nne asubuhi.

Daktari wa zamu aliitwa Robert, kijana mtulivu mwenye tabia ya kuandika kila kitu kabla ya kujibu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alimwangalia mtoto macho kwa tochi, akamkunja shingo taratibu, akamtazama tena viganja.

"Anatumia dawa yoyote? Za kienyeji, za dukani, chochote?"

"Mafuta ya samaki tu," Zuleha akasema, na akaitoa chupa kwenye mkoba. Aliibeba kila alikokwenda. "Mwalimu wake anajua."

Robert akasoma lebo. Akageuza, akasoma na upande wa nyuma, akaandika. "Haya hayana shida kwa kipimo hiki." Akamrudishia. Ayubu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Aliitazama chupa ikitoka mkono hadi mkono.

Kisha Robert akaeleza hatua inayofuata. Maumivu ya kichwa, kutapika na kuchukia mwanga vilimtia wasiwasi kwamba kuna maambukizi kwenye utando wa ubongo. Kwanza wangehakikisha ni salama kufanya hivyo, kisha wangeingiza sindano kati ya mifupa ya mgongo na kutoa maji kidogo ya kupima. Mtoto angeshikwa asitikisike. Aliwaomba wazazi waridhie.

"Mgongoni?" Zuleha akauliza.

"Mgongoni, mama. Najua inatisha. Lakini sina njia nyingine ya kujua."

Zuleha akakubali. Ayubu akatoka.

Alikwenda mpaka getini akarudi. Akaenda tena, akapita geti, akafika kwa wauza matunda, akasimama mbele ya mafenesi bila kuulizia bei. Muuzaji akamwambia, "Mjomba, fenesi au nanasi?" Kilichokuwa kichwani mwa Ayubu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakikuwa toba. Kilikuwa hesabu ya fundi: kwamba daktari anatafuta tundu mahali ambapo hapavuji, na kwamba atatoboa mbao nzima kulitafuta. Mtu wa kumwonyesha lilipo yuko nje anaangalia matunda. Akisema, atakuwa amesema mbele ya Zuleha. Akinyamaza, mtoto atashikwa na kuchomwa, na kesho atapewa vijiko viwili.

Akarudi karibu kwa kukimbia. Muuguzi alikuwa anaandaa trei.

"Daktari, ngoja. Chupa hiyo si hiyo."

Robert akainua kichwa. "Unasemaje?"

"Chupa ni ya dukani. Mafuta si ya dukani. Niliyamwaga, nikatia yangu."

"Yako ya nini?"

"Ya papa. Ini la papa. Nimeyachemsha mwenyewe. Ni masafi, daktari, nimeyachuja mara nne—"

"Kiasi gani kwa siku?"

"Vijiko viwili."

"Kwa siku ngapi?"

"Arobaini na mbili." Alijua bila kufikiri. Alikuwa akizihesabu.

Zuleha alikuwa bado ameshika chupa. Akaifungua, akaiweka puani kwa muda mrefu, akijaribu kusikia kile ambacho pua yake haikuweza tena kusikia, kisha akampelekea muuguzi. Muuguzi akarudisha uso nyuma haraka. Hilo likamtosha Zuleha.

Robert hakupandisha sauti. Alieleza kwamba ini la papa hubeba vitamini A nyingi mno, na kwamba vitamini hiyo ikizidi haitoki na mkojo bali hujikusanya mwilini. Kwa mtoto hupandisha shinikizo kichwani, hubandua ngozi, hudondosha nywele. Usafi wa mafuta hauhusiani. Akasema mtoto atalazwa, mafuta yakome leo, damu ipimwe, na sindano ya mgongo isubiri majibu. Wengi hupona kinachotiwa kikiondolewa, akasema, lakini hatatoa ahadi kabla ya vipimo. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Kuna mtoto mwingine aliyepewa?"

Ayubu akatazama sakafu.

"Jibu," Zuleha akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Ayubu aanze kueleza.

"Yupo. Mjukuu wa Mwinyijuma."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zile zile."

Zuleha akageuka kitandani kwa mtoto. "Nenda," akasema akiwa amempa mgongo.

Simu ya Mwinyijuma haikupokelewa. Huwa anaiacha nyumbani akienda ufukweni. Robert alisema mtoto aletwe aangaliwe hata kama anaonekana mzima. Ayubu alifika Moa alasiri, akapitiliza kwake bila kuingia, akabisha hodi kwa Mwinyijuma. Bi Mwatumu, mke wa Mwinyijuma, alikuwa uani anachambua mchele. Rama alikuwa kando yake anajaza mchanga kwenye kopo. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka pembeni.

"Shikamoo, bi Mwatumu."

"Marahaba, mwanangu. Saumu hajambo?"

"Kalazwa. Nimekuja kuchukua ile chupa."

"Ipi, ya Rama? Kwani yamekwisha huko kwenu?"

"Si ya kunywa. Yamemuumiza Saumu. Daktari kasema yasitumike tena, na Rama apelekwe akaonwe."

Bi Mwatumu akaweka ungo chini. "Rama jana kaniita. Unajua? Nilikuwa jikoni, nikasikia 'bibi'. Miaka mitatu namlea huyu, sijaitwa. Jana kaniita mara mbili. Nikikupa chupa, akinyamaza tena, utaniletea wewe hilo neno?"

"Bi Mwatumu, ni sumu."

"Sumu Rama anaitema nusu, anameza nusu, anacheza. Mwone. Saumu kaumwa kwa maradhi yake, Mungu amponye. Usimsingizie mafuta."

Mwinyijuma akatokea mlangoni akijifuta mikono. Alikuwa amesikia. "Fundi, hebu tuelewane. Mwezi uliopita ya dukani juisi, yako ndiyo mafuta. Leo yako sumu. Tushike lipi?"

"Hili la leo."

"Kwa sababu gani? Daktari kayapima?"

"Kwa sababu nimeyatengeneza mimi na nasema hayanyweki. Nilikosea."

Hakuna aliyekumbuka kumsikia akitumia neno hilo kwa kazi yake. Hata hivyo Bi Mwatumu hakunyanyuka. "Wewe ni mwanamume, mtoto unamwona akilala. Mpigie Zuleha. Nimsikie yeye."

Ayubu akapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, bila salamu.

"Bi Mwatumu anataka kukusikia," akasema.

"Mpe."

Akaweka sauti kubwa, akamshikia simu yule mama kwa mkono ulionyooka, kama mtu anayeogopa kukaribia. Zuleha akazungumza taratibu, kwa heshima, na hakuacha kitu. Ngozi ya viganja, shangazi, inatoka kama ganda la kitunguu. Nywele nikimpapasa zinabaki mkononi. Mwanga wa dirisha unamliza. Nilimnywesha mwenyewe, asubuhi kwa asubuhi, nimemshika kidevu.

"Na maneno?" Bi Mwatumu akauliza. "Yale aliyoyapata?"

"Sijui yalitoka wapi, shangazi. Mwalimu wake anasema yametoka kwenye kukaa naye, na mimi ndivyo ninavyoona. Lakini leo hana hata moja. Tangu jana jioni hajaniita mama."

Bi Mwatumu akamtazama Rama, akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda ikiwa na mafuta chini ya nusu, akampa Mwinyijuma, si Ayubu. "Kamwage mbali na kisima." Akaipokea simu kabisa mkononi. "Zuleha, nakuja naye huyu mtoto. Ngoja nivae."

Akamrudishia Ayubu simu. Ilikuwa imekwisha kukatwa. Ayubu hakuwa ameuliza kama majibu ya damu yametoka, kama Saumu amekula, kama ameamka. Akapiga, haikupokelewa. Akazunguka ua mara mbili, Rama akimfuata kwa macho, akapiga tena. Alikuwa anatafuta namba ya Leticia, akifikiri labda yeye angempigia Zuleha, ujumbe ulipoingia.

"Bado analala. Majibu kesho. Lete nguo zake zilizo kwenye kamba. Kibandani usiingie."

Aliusoma mara tatu akiwa anatembea kuelekea nyumbani. Kwenye kamba palikuwa na magauni mawili, fulana, na kanga ya kumfunikia. Akaanza kuzianua kwa haraka, akasimama, akaiangalia mikono yake. Akaenda kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni ya kufulia mpaka kwenye viwiko, akakung'uta maji, na kurudi kuanua upya, nguo moja moja, akizishika kwa ncha za vidole.